Mgonjwa Aliyeacha Kunywa Maji

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza hapa Mwanza, siku chache kabla hawajaingia wodini kwa mara ya kwanza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikaongeza machache ambayo muda ulininyima.

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Magu, Misungwi na Sengerema, na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe, pamoja na wanangu mliovaa sare mpya: habari za asubuhi. Wazee wangu nawasalimu kwa namna ya nyumbani. Mwangaluka.

Nimeombwa niseme juu ya usafi wodini. Uwanja huo ni mpana na saa moja haiutoshi, kwa hiyo nimekata kipande kimoja tu, kile ambacho hakuna anayekipigia picha siku ya mahafali. Nataka tuzungumze juu ya kumsaidia mgonjwa haja kubwa na haja ndogo.

Hapa mezani nimepanga bedpani mbili, yaani vyombo vya kujisaidia mgonjwa akiwa kitandani, chupa ya mkojo, beseni, jagi la maji ya vuguvugu, kopo, kipande cha sabuni na doti moja ya kanga. Nimewaona wazazi wengine wakivitazama kisha wakahamisha macho. Siwalaumu. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto asomee uuguzi humwona mwanawe moyoni akiwa na sindano na kipimo cha presha; hamwoni akipita kwenye korido na bedpani iliyofunikwa kitambaa. Lakini katika wiki za kwanza vyombo hivi ndivyo watakavyovishika kuliko vyote, na namna watakavyovishika inaweza kumpa mgonjwa ugonjwa wa pili juu ya ule uliomleta.

Nianze na mzee mmoja.

Nilikuwa mwanafunzi kama ninyi. Hospitali sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni alilala mzee mvuvi aliyevunjika mfupa wa paja baada ya kuteleza akipandisha mtumbwi ufukweni. Mguu umefungwa uzito, umevutwa kwenye fremu, hawezi kukaa wala kugeuka. Siku mbili za kwanza alitusimulia habari za dagaa, jinsi wavuvi wanavyopumzika mbalamwezi inapowaka kwa sababu dagaa hawazifuati taa. Siku ya tatu akanyamaza. Ya nne midomo ikapasuka, ulimi ukakauka kama gunia. Usiku akawa anamwita mwanawe avute nyavu, na mwanawe alikuwa Ukara, ng'ambo ya maji. Jagi lake lilikuwa limejaa kila tulipopita. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mbona halipungui.

Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, mama mmoja mkimya sana, akavuta stuli akakaa naye. Hakumuuliza habari za kiu. Alimuuliza, "Baba, ukitaka kujisaidia nani anakusaidia?" Mzee akageukia ukutani. Kisha akasema, "Nikinywa nitakojoa. Nikikojoa lazima niite. Na yule binti mrefu akija, anakunja uso."

Binti mrefu nilikuwa mimi.

Sikumtukana mzee yule wala sikumkatalia. Harufu ilinipiga nikakunja uso, kufumba na kufumbua tu, kisha nikaendelea na kazi kama nilivyofundishwa. Naye aliona. Mtu aliyelala chali kutwa kucha hana kingine cha kutazama ila dari na nyuso zinazomwinamia.

Nilichojifunza kitandani pale ndicho ninachotaka mtoke nacho leo. Mgonjwa anayeona haya haombi. Asiyeomba anaacha kunywa, halafu anaacha kula, ili asiwe na cha kutoa. Na hapo ndipo mwili unapoanza kuharibika kimyakimya huku sisi tunahangaika na dawa.

Mnaujua mwili, mmeusoma. Maji yakipungua, mkojo unakuwa mchache na mzito, unakaa kibofuni muda mrefu, na vijidudu ambavyo vingesukumwa nje vinapata nafasi ya kuzaliana. Haja kubwa nayo inakauka, kwa kuwa kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji, na kadiri haja inavyokaa ndivyo inavyozidi kufyonzwa. Mgonjwa akija kupata nafasi anajikamua kwa nguvu zote; mwenye moyo mbovu anaweza kuzimia palepale. Wazee huchanganyikiwa, kama yule aliyekuwa akimwita mwanawe, na mtu asiyejua akasema ni malaria imepanda kichwani. Mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa atoe mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa, yaani nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake. Ndiyo maana chupa ya mkojo ina mistari. Isome, uandike kwenye chati kabla ya kumwaga, na ukiona saa kadhaa mfululizo haifiki hapo usisubiri raundi ya asubuhi. Mwite daktari.

Haya ya watu wetu ina sura zake, na vitabu havitawaambia. Miaka mingi baadaye, nikiwa muuguzi kamili, alilazwa mama mmoja wa Kisukuma aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Binti yake alikuwa amejifungua wiki ileile, kwa hiyo aliyebaki kumuuguza ni mume wa binti huyo. Mnaotoka Usukumani mnajua heshima iliyopo kati ya mama mkwe na mkwewe wa kiume: wanapishana njia, hawali pamoja, hata kutazamana usoni ni jambo la kuangaliwa. Sisi wodini hatukuuliza. Tulimshikisha kijana bedpani tukamwambia, "Msaidie mama." Akasimama nayo kama aliyepewa kaa la moto. Mama akafunga macho. Siku mbili nzima hakusema kama ana haja, na usiku wa pili akajichafua, akalia hadi asubuhi. Kijana wa watu alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, hajui aondoke au abaki.

Kwa hiyo msimkabidhi ndugu bedpani kabla hamjamuuliza ni nani wa mgonjwa. Nasema zaidi: kazi hii ni yenu. Najua hospitali zetu zinavyokwenda. Ndugu ndiye anayeleta uji, anayefua mashuka, anayekimbilia dawa duka la nje, na bila yeye wodi nyingi zingesimama. Akitaka kusaidia na mgonjwa akipenda, mfundisheni, naye anawe kama mnavyonawa ninyi. Lakini ndugu amekuja kwa upendo. Ninyi mmekuja kwa kiapo na leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeweka Baraza la kusimamia taaluma hii kwa sababu mgonjwa anastahili mtu anayejua anachokifanya hata kwenye jambo ambalo kila mtu anadhani analijua.

Na ninyi vijana wa kiume, najua mnaulizana chinichini: nitamsaidiaje mama wa umri wa bibi yangu? Kwa kumuuliza. Mwambie jina lako na kwamba wewe ni mwanafunzi, kisha umuulize kama angependa aje muuguzi wa kike. Akisema ndiyo, kamtafute, na usimwache akisubiri huku umemsahau. Akikubali wewe, mwite mwenzako wa kike asimame karibu. Wako mabibi watakaowaambia, "Njoo mjukuu wangu, nisaidie tu." Huyo amekupa heshima kubwa, ipokee.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Umeitwa, au bora zaidi, umekwenda bila kuitwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mnamgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo; basi muulize wakati uleule. Asubuhi baada ya chai usimpite hata kidogo, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao huamka. Muulize kwa sauti ya chini: "Mama, nikuletee chombo?" Neno chombo linatosha. Nimewahi kusikia muuguzi akipaza sauti kutoka mlangoni, "Nani anataka kunya?" na wodi nzima ikakaa kimya. Kumi walikuwa wanataka.

Vuta pazia. Pazia likiwa halipo, leta skrini. Skrini ikiwa mbovu, kanga mbili zinatosha, zikishikwa na watu wawili waliogeuza migongo. Bedpani ya chuma usiku wa kipupwe ni baridi kama jiwe la ufukweni, kwa hiyo imwagie maji ya moto, ifute, ipime kwa kiganja chako. Nawa mikono, vaa glovu, tandika mpira na kitambaa chini ya kiuno cha mgonjwa.

Mwenye nguvu akunje magoti, akanyage godoro, ainue kiuno. Mkono wako mmoja unamsaidia chini ya mgongo, wa pili unasogeza chombo. Asiye na nguvu mgeuze ubavu, weka bedpani ikae sawasawa kwenye makalio, kisha mrudishe chali pamoja nayo. Msisukumize chombo chini ya mtu. Ngozi ya makalio ya mgonjwa aliyelala wiki tatu, tena ikiwa na unyevu, huchubuka kama ganda la nyanya iliyochovywa maji ya moto, na mchubuko ule ndio mlango wa kidonda. Kwa aliyevunjika nyonga tumieni hii ya pili, iliyo bapa. Ule upande mwembamba ndio unaoingia chini yake, na hahitaji kuinuliwa juu.

Halafu mwinue akae. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka chombo, wanamwacha mtu amelala chali, wanarudi baada ya dakika tano na kuandika kwamba hakuna haja. Mwili wa binadamu umezoea kuchuchumaa. Kama daktari hajakataza, pandisha kichwa cha kitanda, tia mito mgongoni, magoti yakunjike. Kisha mpe nafasi. Wodi zisizo na kengele, mwachie kikombe cha bati na kijiko agonge akimaliza, na wewe usiende mbali. Aliyedhoofika sana au anayechanganyikiwa usimwache peke yake. Kaa nje ya pazia, mwongeleshe ajue upo.

Sasa kumtawaza. Vitabu vingi tunavyosomea viliandikwa nchi za baridi, na huko mgonjwa hufutwa kwa karatasi. Watu wetu wametawaza kwa maji tangu utotoni. Kwa Mwislamu jambo hili linagusa mpaka swala yake. Ukimfuta kwa karatasi ukaondoka, wewe umeridhika na yeye anajiona bado mchafu, na kesho ataikwepa haja. Mwagia maji ya vuguvugu kidogokidogo kutoka kwenye kopo, huku mkono wenye glovu na kitambaa laini ukisafisha. Kwa mwanamke ni mbele kwenda nyuma, kila mara, na kitambaa kilichofika nyuma hakirudi mbele. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi. Wa mwanamume unakaribia 20. Vijidudu vya haja kubwa vina safari fupi mno kufika kwenye kibofu cha mama. Mwanamume ambaye hajatahiriwa, vuta govi taratibu, osha, kisha lirudishe mahali pake. Likisahauliwa nyuma linavimba na kukaba, na utakuwa umemletea maumivu mtu aliyekuja na ugonjwa mwingine kabisa. Mkaushe vizuri kwenye mikunjo, maana unyevu unaobaki hulainisha ngozi mpaka ikaoza. Tazama ngozi ya mkiani na ya nyonga. Wekundu usiopotea ukiubonyeza ni habari ya kuandika na kuripoti.

Halafu mletee maji anawe mikono.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoumia zaidi nikipita wodini. Muuguzi ananawa, daktari ananawa, mabango ya kunawa yamejaa ukutani, na mgonjwa mwenyewe hakuna anayempa maji. Ameshika chupa ya mkojo kwa mkono wake. Amejishika. Saa saba inaletwa sahani ya ugali na sato, naye anamega kwa mkono uleule. Atajipelekea mdomoni kila kilichokuwa kwenye vidole vyake, kisha tutaandika kwenye faili kwamba ameanza kuhara siku ya tano tangu alazwe. Beseni hili, jagi hili, sabuni hii, dakika moja: mnawishe, umkaushe kwa kitambaa safi. Aliyepooza mkono mmoja hawezi kuuosha ule mzima peke yake, kwa hiyo muoshee. Nimewaona wagonjwa wakifurahia maji yale ya mikono kuliko kitu kingine chochote walichopewa siku nzima.

Mikono yenu nayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009, mmeusoma darasani, wenye nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kuwa karibu na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Katika kumsaidia mgonjwa mmoja haja zake unapita karibu zote. Sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono chenye spiriti ni sekunde 20 hadi 30. Mkono ukiwa na uchafu unaoonekana, kitakasa hakifai, tafuta maji. Mgonjwa anayehara baada ya kutumia antibiotiki kwa siku nyingi anaweza kuwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hujifunika ganda lisilouawa na spiriti. Huyo anataka sabuni na maji yanayotiririka.

Glovu ina tabia ya kumdanganya aliyeivaa. Mtu akiwa nayo hujiona safi, akashika pazia, akashika faili, akapokea simu. Glovu uliyomtawazia mgonjwa haigusi kingine chochote ila bedpani na pipa la taka. Na ukiivua, unanawa.

Kabla ya kumwaga, tazama. Najua mnatamani kumaliza haraka, lakini chombo hicho kina habari ambazo mgonjwa mwenyewe hazijui. Haja nyeusi inayonata kama lami yenye harufu kali ni damu kutoka juu, tumboni, isipokuwa mgonjwa yuko kwenye vidonge vya madini ya chuma, navyo hufanya haja iwe nyeusi, muulize. Damu na kamasi ni kuhara damu. Maji meupe kama yaliyooshewa mchele, mengi, bila kukoma, ni kipindupindu mpaka maabara iseme vinginevyo, na hapo unaanza kumrudishia maji kabla hujamaliza kuandika. Haja iliyopauka kama majivu pamoja na mkojo mweusi kama chai ya rangi inaonyesha nyongo imeziba. Na mtoto wa kutoka maeneo ya mbali na ziwa anayetoa damu mwishoni mwa mkojo ana kichocho cha kibofu mpaka ithibitike vingine.

Nikitaja kichocho, mtu wa Mwanza hawezi kupita haraka. Ule wa ziwani ni kichocho cha tumbo. Mayai yake hutoka na haja kubwa. Yakifika majini yanaangua, kiluwiluwi kinaingia ndani ya konokono, kinazaliana humo, na baada ya wiki kadhaa vinatoka vingine vingi na kupenya ngozi ya yeyote aliye majini: anayeoga, anayefua, anayevuta nyavu. Yule mzee wangu wa kitanda cha tatu alikuwa amesimama kwenye maji hayo tangu akiwa mtoto. Mji wetu ni wa mawe na miteremko. Kinachomwagwa juu kinashuka. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kuingia ziwani, na ziwa hilohilo ndilo tunalovuta maji ya bomba pale Capri Point. Mwanafunzi anayemwaga bedpani kwenye mtaro nyuma ya wodi kwa sababu choo kiko mbali amewapelekea ugonjwa watu ambao hatawaona maishani.

Kwa hiyo kinamwagwa kwenye choo au kwenye sinki maalumu la vyombo vichafu, chombo kinasuuzwa, kinaoshwa kwa sabuni, kinalowekwa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, kinasuuzwa tena na kuanikwa kikauke. Klorini ikikuta kinyesi kwenye chombo, inakwisha nguvu kwenye kinyesi, ndiyo maana kuosha kunatangulia. Mgonjwa wa kuhara abaki na bedpani yake peke yake. Mwaka 2023 jirani zetu wa Kagera walipata ugonjwa wa Marburg, unaoambukiza kwa majimaji ya mwili, na miongoni mwa waliougua walikuwamo wahudumu wa afya. Majimaji ya mwili hayaulizi kama umehitimu.

Juu ya mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo, nitasema machache, mtafundishwa kwa kirefu. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu na usiguse sakafu, mpira usikunjike, sehemu unapoingilia ioshwe kwa sabuni na maji kila siku. Kila siku unayopita mpira ukiwa ndani, hatari ya maambukizi inaongezeka, kwa hiyo ulizeni kwenye raundi: bado anauhitaji? Mpira haukuwekwa ili muuguzi apumzike. Pampasi nazo ni hivyohivyo. Mtu mzima mwenye akili zake timamu anayeweza kusema ana haja, ukimvalisha pampasi kwa kuwa zamu ina wauguzi wawili, umemwambia kwamba hutakuja.

Kila tarehe 12 Mei tunaadhimisha siku ya wauguzi na kumkumbuka Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa wakati wa Vita vya Krimea, na taa aliyozunguka nayo wodini usiku. Nampenda sana mama yule, lakini kuna jambo tunaloliruka. Alifika hospitali ya kijeshi ya Scutari, ng'ambo ya jiji la Istanbul, Novemba 1854. Aliwapanga wauguzi, akatafuta mashuka, akahangaikia chakula, na bado askari waliendelea kufa kwa kuhara na homa majira yote ya baridi. Vifo vilianza kushuka kwa kasi baada ya kamati ya usafi kutoka Uingereza kufika Machi 1855 na kuzibua mifereji ya maji machafu iliyokuwa imejaa chini ya jengo. Yeye mwenyewe alikuja kulielewa hilo kwa kuchambua hesabu za vifo baada ya vita, na akautumia umri wake uliobaki kudai maji safi na mifereji mizuri. Taa iko kwenye kila bango. Mfereji hakuna anayeuchora.

Ndiyo maana, mkuu wa chuo, na ninyi mliotoka ofisi zinazopanga bajeti, nina ombi. Msiwatume watoto hawa kwenye wodi ya vitanda 30 yenye bedpani 3 halafu mkaja kuwauliza kwa nini wagonjwa wanajichafua. Msiwatume mahali ambapo maji hukatika saa nne asubuhi na ndoo ya akiba haina kifuniko. Pazia la kitanda ni kitambaa na waya. Nimefanya kazi mahali palipokosa pazia miaka mitatu na palikuwa na televisheni mbili kwenye chumba cha mapokezi. Sisemi ni wapi. Nasema tu kwamba nilihesabu.

Narudi kwa mzee wangu. Inchaji hakunifokea siku ile. Alisubiri zamu iishe, akanipeleka kwenye kitanda kitupu mwisho wa wodi, akavuta skrini, akaniambia nilale chali nikiwa na nguo zangu. Akaniwekea bedpani chini, ile ya chuma, bila kuipasha. Akaondoka. Nililala pale nikitazama dari, kiuno kimepinda, ukingo wa chombo unaniuma mfupa wa mkia, nikasikiliza watu wakipita na ndala upande wa pili wa kitambaa. Kila hatua iliyokaribia nilidhani inakuja kufungua. Aliporudi aliniinamia akanitazama usoni kwa muda mrefu, bila kusema neno, kisha akanisaidia kuinuka.

Kesho yake alinipangia kitanda cha tatu, na keshokutwa, na kila zamu mpaka mzee alipotolewa ule uzito. Nilimpelekea chombo bila kuitwa. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu asubuhi nilipoingia, jagi lilikuwa limefika nusu, naye akaniambia, "Binti, leo nimekunywa." Alipotoka aliniachia neno moja: wabeja, yaani asante.

Wanangu, sijaja na vyombo hivi kuvionyesha tu. Walimu wamenikubalia saa moja ya mazoezi, wavulana chumba hiki na wasichana chumba cha pili, na kila mmoja atalala chali na kila mmoja atamwinamia mwenzake. Wazazi mnaweza kwenda kupata chai. Kitanda kiko tayari, skrini hiyo hapo, maji ya jagi bado yana uvuguvugu. Mikono kwanza, sabuni iko kwenye kisahani. Nani anatangulia?